Shajara ya mradi: mapumziko ya vuli kwenye maziwa ya Cumbria, watu sita, bila gari

Naiandika hii kwa sababu nilipoanza kutafuta sikukuta mtu aliyeandika kwa Kiswahili namna ya kuipeleka familia Lake District (hayo maziwa na milima ya Cumbria, kaskazini magharibi ya England) huku huna gari na umebeba bibi na mtoto wa miaka minne. Sisi tuko London. Tuko mimi, baba watoto, mama yangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na watoto watatu (miaka 13, 9 na 4). Bajeti tuliyokubaliana ni pauni 1,300, kila kitu humo humo. Ntaongeza sehemu kila hatua ikiisha.

28 Juni. Wiki gani?

Wazo la kwanza lilikuwa twende katikati ya Oktoba watu wakiwa shuleni, maana nyumba wiki hiyo ni rahisi kweli, kuna moja niliona imeshuka zaidi ya pauni 200 ukilinganisha na wiki ya mapumziko ya katikati ya muhula. Nikafurahi usiku mzima. Asubuhi nikapiga hesabu ya faini. Kwa England, tangu Agosti 2024, ukimtoa mtoto shule bila ruhusa siku tano zikafika unaweza kupigwa pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na usipolipa ndani ya siku 21 inapanda 160. Sisi wazazi wawili, watoto wawili walio na umri wa lazima (mdogo hajafika), hiyo ni 320 hata kabla hujachelewa kulipa. Yaani ile nafuu yote inaliwa na bado unadaiwa.

Kwa hiyo wiki ya likizo, Jumatatu tarehe 27 mpaka Ijumaa 31 Oktoba 2025. Na kwa majani sio wiki mbaya hata kidogo, mwisho wa Oktoba ndo mialoni ya bonde la Borrowdale inageuka na mikangaga ya milimani inakuwa rangi ya kutu mpaka juu.

12 Julai. Gari au treni

Baba watoto alitaka tukodi gari la watu saba. Gari pauni 390 kwa siku zile, mafuta juu yake, na ni karibu kilomita 480 kwenda tu, wote tukiwa kwenye barabara kuu ya M6 na nusu ya nchi iliyofunga shule. Alafu barabara za kule zenyewe, Hardknott Pass ina mwinuko wa moja kwa tatu, Kirkstone inapanda mita 454, na mama yangu akipanda daladala ya Lushoto tu anafunga macho. Nikasema hapana.

Treni: kuna kadi ya punguzo ya familia na marafiki, pauni 35 kwa mwaka, watu wazima theluthi moja inatoka, watoto wa miaka 5 hadi 15 asilimia 60 inatoka, chini ya miaka 5 bure. Sharti angalau mtoto mmoja mwenye tiketi awemo safarini. Nauli niliyokuwa naiona ni kama 48 mtu mzima kwenda tu ukikata mapema. Bila kadi sisi ni 384 kwenda na kurudi, na kadi ni 269, toa 35 ya kadi bado umeokoa 80. Na kadi inabaki mwaka mzima.

Ila tiketi za bei ya mapema zinatoka kama wiki 12 kabla, kwa hiyo Julai huna cha kukata. Nyumba kwanza.

19 Julai. Nyumba

Nilitaka Buttermere. Picha zake we acha tu. Lakini ukiangalia ramani vizuri unaona njia za kutoka Keswick, mji wa karibu, zinapanda milimani, kama Honister ambako ni pakali, basi linaloenda huko ni la msimu, duka la maana hamna, na wapangaji waliopita wengi wameandika kwamba simu haishiki. Kwa watu wenye gari ni pepo. Kwa sisi tungekaa tunaangaliana.

Nikalipia amana nyumba ya Bowness, pembeni ya Windermere ambalo ndo ziwa kubwa kuliko yote England. Treni inafika mpaka Windermere yenyewe, unabadilisha Oxenholme, basi nikaona mambo yameisha.

2 Agosti. Nyumba imefutwa

Mambo hayakuwa yameisha. Mwenye nyumba katuma meseji ya mistari miwili kwamba tarehe hizo "hazipatikani tena". Siku hiyo hiyo nikaangalia, nyumba ile ile, tarehe zile zile, iko sokoni kwa bei ya juu sehemu nyingine. Sitaji mtu, ila nilitukana Kitanga na Kiingereza.

Kilichotuokoa ni kwamba amana nililipa kwa kadi ya krediti. Hapa Uingereza kitu cha kuanzia zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000 ukikilipia kwa krediti, benki nayo inawajibika kwa sheria, kifungu cha 75. Nilimwandikia mwenye nyumba nikataja hicho kifungu tu, sikuongeza neno, hela ikarudi (hili naliongeza baadaye, ilichukua mpaka Septemba). (Kwa wanaokwepa riba kama sisi: lipa deni lote kabla ya tarehe, hakuna riba inayoingia, na kinga unabaki nayo.)

Na afadhali tiketi zilikuwa bado hazijakatwa. Tungeshakata za Windermere tungekuwa tunalia mara mbili, maana zile za mapema hazirudishwi, unabadilisha tu na kulipia.

8 Agosti. Keswick, na tiketi

Nyumba mpya iko Keswick, vyumba vitatu, dakika chache kwa miguu mpaka ziwa Derwentwater, pauni 640 kwa usiku nne. Ni ghali kuliko ya Bowness. Lakini Keswick ina maduka, ina kituo cha mabasi, na njia za kutembea zinaanzia mlangoni, hamna haja ya kupanda kitu kila asubuhi na mtoto analia.

Treni haifiki Keswick, reli ilifungwa 1972. Unashuka Penrith, kutoka kituo cha Euston, London, ni kama saa tatu na kitu, alafu basi la X4 au X5 kama dakika 40 na ushee. Nauli za mabasi mengi England zimewekewa kikomo, pauni 3 kwa safari tangu Januari 2025 (zamani ilikuwa 2), watoto wanalipa pungufu. Tiketi nimekata hapo hapo, kwenda Jumatatu saa nne na nusu asubuhi, kurudi Ijumaa mchana. 269 kama nilivyohesabu.

20 Septemba. Nguo, na jaribio la uwanjani

Bonde la Borrowdale, kusini tu ya ziwa letu, lina kijiji kinaitwa Seathwaite, ndo sehemu inayokaliwa na watu yenye mvua nyingi kuliko zote England, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. London ni kama 600. Mwaka 2015, kimbunga Desmond, pale Honister ilinyesha milimita 341 ndani ya saa 24, rekodi ya Uingereza nzima. Kwa hiyo nguo sio pambo.

Makoti ya watoto nilinunua ya mitumba mtandaoni, yanaonekana mazima kabisa. Leo mvua imenyesha nikawatoa wote uwanjani nusu saa, makusudi, majirani wakatuona wehu. Koti la wa kati limelowa mabegani na kwenye mishono, maji yanaingia moja kwa moja. Sikulitupa. Dawa ilikuwa kulifua kwa sabuni maalum isiyo na dawa ya kulainisha nguo, alafu kulifulia tena na ile dawa ya kukinza maji, chupa moja inatosha makoti matatu. Tumerudia jaribio jioni kwenye bafu, maji yanaviringika yanaanguka. Sabuni ya kawaida ya unga ndo inaua makoti haya, watu wengi wanafua nayo alafu wanalaumu koti.

Mama amekataa suruali ya mvua. "Mwanangu, mimi na umri huu nivae suruali ya plastiki, nikifa nikakutwa hivo?" Tumeafikiana: baibui fupi kidogo, leginzi nzito ndani, buti za mvua mpaka magotini. Upindo wa baibui ndo ulikuwa unanyonya maji kama utambi, sasa umeisha juu ya buti.

Jumla ya nguo, buti na tochi za kichwani: 118.

5 Oktoba. Ratiba yote imevunjika

Hii ndo sehemu ya kusoma kama unasoma sehemu moja.

Nilikuwa na ratiba nzuri kwenye laptopu, rangi rangi. Jumanne: asubuhi makumbusho ya penseli, chakula cha mchana, saa saba boti, tunapanda Catbells (mita 451 tu, kila mtu anasema mlima wa familia), tunashuka saa kumi na moja, boti, nyumbani. Umbali upo sawa, bei ipo sawa, basi.

Mama anashona kwenye kochi, anauliza: "Huko Magharibi saa ngapi?"

Nikamwambia "Mama, kama hapa tu." Nikafungua apu ya swala nionyeshe. Keswick, 28 Oktoba: adhuhuri inaingia kabla ya saa sita, alasiri kama saa nane na robo, Magharibi kama saa kumi na moja kasorobo. Jua linazama kama saa kumi na dakika 46! Ratiba yangu ilikuwa inawashusha watoto mlimani gizani.

Iko hivi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa moja, mwaka huu ni tarehe 26, siku moja kabla hatujaondoka. Jumamosi ile jua Keswick linazama karibu saa kumi na mbili kasoro, Jumatatu tunayofika linazama kabla ya saa kumi na moja. Wiki ya likizo ya vuli karibu kila mwaka inaangukia hapo hapo. Na bonde lina milima magharibi, kwa hiyo jua linajificha mapema kuliko apu inavyosema. Alafu nyumba nyingi unaruhusiwa kuingia saa kumi alasiri, yaani siku ya kufika huna siku.

Nimefuta ratiba nzima nikaanza upya na jedwali la swala la Mama ubavuni. Sasa hivi inaenda hivi: vya nje vyote kati ya saa mbili na nusu asubuhi na saa tisa. Makumbusho, madukani, michezo ya bao, vyote vinaingia baada ya saa tisa, kwa sababu hivyo havihitaji jua. Adhuhuri na chakula pamoja, saa sita, popote tutakapokuwa. Mlimani kuna saa ya kugeuka: kama hamjafika kileleni saa sita na nusu mchana mnageuka, hata kama kimebaki kidogo, hata kama mmoja analia.

Ni mabadiliko madogo ukiyatazama lakini yamepunguza nusu ya vitu tulivyopanga. Ullswater na meli zake za zamani (moja ilishushwa majini 1877 na bado inabeba watu) imetoka kabisa, kwenda na kurudi kwa basi ingekula mwanga wote wa siku. Nimeumia ila ndo hivo.

18 Oktoba. Kugawana watu

Catbells karibu na kilele kuna miamba ya kushika kwa mikono. Mdogo hawezi, Mama hataki hata kuisikia. Kwa hiyo tunagawanyika: baba watoto na wakubwa wawili mlimani, mimi na Mama na mdogo chini.

Jambo la boti: za Derwentwater zinazunguka ziwa pande zote mbili. Anayeenda Hawse End, chini ya Catbells, apande inayokwenda kinyume cha saa, ni kama dakika kumi. Ukipanda ya upande mwingine utazungushwa ziwa karibu lote kwanza. Kwa sisi wa chini hiyo ndo raha yenyewe, mzunguko mzima ni kama dakika 50 na umekaa. Na uliza boti ya mwisho ni saa ngapi *kabla* hujapanda mlima, vuli zinapungua. Ukiikosa ni kama kilomita 4 kwa miguu, gizani.

Kwa Mama nimetumia orodha ya hifadhi ya taifa yenyewe, wana njia kama 50 wamezipima kwa viti vya magurudumu na vigari vya watoto. Friar's Crag (mwamba unaochomoza pembeni ya ziwa letu) imo, na njia ya reli ya zamani ya Keswick kwenda kijiji cha Threlkeld, kilomita 5, tambarare, inavuka mto mara nyingi kwa madaraja. Desmond ilibomoa baadhi ya madaraja yake 2015, ikafunguliwa tena Desemba 2020. Unaenda kwa miguu unarudi na basi.

Simu: ramani zimepakuliwa za kutumia bila intaneti, kwenye simu mbili. Wa kwanza amefundishwa: ajali mlimani ni 999, unaomba polisi, alafu waokoaji wa milimani. Simu isiposhika, filimbi mara sita ndani ya dakika, unapumzika dakika moja, unarudia. Ameijaribu filimbi ndani ya nyumba, tunajuta.

28 Oktoba, usiku, Keswick

Jana tumefika Keswick kama saa tisa, nyumba haifunguliwi mpaka saa kumi, tukanunua vyakula kwanza tukaketi kituoni na mabegi. Tulipofungua mlango ilikuwa tayari kunaingia giza. Kila mtu akaelewa kwa nini nilifuta ratiba.

Leo Catbells. Baba watoto anasema saa sita na nusu ilipofika walikuwa hatua chache chini ya kilele, kwenye ile miamba, foleni ya watu inapanda na kushuka. Wa kati akagoma kugeuka. Wakabishana hapo. Baba akamwongezea dakika kumi, wakafika. Boti ya saa tisa wameikosa kwa sababu ya hizo dakika kumi, wakapata iliyofuata ambayo ilikuwa karibu na mwisho. Kwa hiyo ukiweka saa ya kugeuka weka na akiba ndani yake, usiseme ya kweli.

Sisi Friar's Crag tulitembea polepole, Mama akaswali kwenye benchi pembeni ya maji akiwa na buti zake za mpira. Mdogo alikusanya majani mfuko mzima na yote yamelowesha mkoba wangu.

30 Oktoba

Jana mvua kutwa. Mpango ulikuwa Castlerigg asubuhi, yale mawe ya duara ya miaka kama 5,000, bure kabisa, lakini ni mlima kidogo kutoka mjini na upepo ulikuwa unamsukuma Mama. Tuligeuka njiani. Makumbusho ya penseli ikaokoa siku: grafaiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, iligunduliwa milima hii hii ya Borrowdale karne ya 16, watoto walikaa kuchora mpaka tukaondolewa. Pauni 30 wote.

Leo njia ya reli. Nzuri kuliko vyote, na haikugharimu kitu zaidi ya nauli ya basi la kurudi. Mama katembea karibu yote. Ningejua ningeiweka siku ya kwanza, watu wakiwa na nguvu.

3 Novemba. Hesabu

Kadi ya treni 35. Treni 269. Nyumba 640. Mabasi 62. Boti 48. Nguo, buti, tochi 118. Vyakula vya kupika 134, kula nje 71 (samaki na chipsi mara mbili, nyama tulibeba ya kwetu imegandishwa). Makumbusho 30. Jumla 1,407, tumepitiliza 107.

Ukitaka kukata: kula nje, na nyumba. Nyumba ya mbali kidogo na katikati ya Keswick ingeshuka, ila mabasi yangepanda, sijui kama ungeokoa kitu.

Treni ya kurudi ilichelewa dakika 43. Hapa ukichelewa zaidi ya nusu saa unadai nusu ya nauli ya safari hiyo. Nimejaza fomu kwenye simu tukiwa bado tumesimama katikati ya mashamba, piga picha tiketi zote, za watoto pia, zinahesabiwa.

14 Novemba

Fidia imeingia, 67.20. Tumebaki tumezidisha 39.80. Baba watoto anasema tochi na makoti yasihesabiwe kwa sababu yatatumika tena mwakani, mimi nimeyaacha kwenye hesabu.